MX-5 inaruka chini ya Paddock Hill: nibadilishe springi, shokapu, au vyote?

Chumbageni01

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Naishi Gillingham, Kent, huku Uingereza. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 2001, ile ya toleo la pili isiyo na taa za kuchomoza, injini 1.8. Niliinunua 2019 kwa ajili ya kuendea kazini siku za jua. Mwaka juzi jamaa wa kazini akanipeleka Brands Hatch jioni moja, na tangu siku ile gari limekuwa la kiwanjani. Nimeshaingia mara tano, zote kwenye ule mzunguko mfupi wa Indy, maili 1.2. Si mashindano. Unalipa, unasikiliza maelekezo, unavaa helmeti, unaingia na kutoka kwa zamu. Napenda mchezo huu kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kupenda kitu kipya.

Shida yangu iko kona ya kwanza, Paddock Hill. Wasioijua: inapinda kulia huku barabara inaporomoka, halafu chini kabisa kuna bonde, kisha unaanza kupanda kwenda Druids. Nikifika pale bondeni gari linaruka. Sisemi linatikisika. Pua inahama pembeni kuelekea nje kama mtu amelipiga teke tairi la mbele kushoto. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, moyo unapanda, kisha unarudi mzito. Mara ya mwisho niliishia na magurudumu mawili kwenye majani.

Aliyekuwa nalo kabla yangu aliweka springi fupi za kulishusha. Shokapu ni zilezile za kiwandani, zina nembo ya Mazda na kutu ya miaka yake. Nimepima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi: mbele milimita 305, nyuma 310. Matairi ni 195/50 R15, ya kawaida ya barabarani.

Kwa akili yangu gari ni gumu mno, kwa hiyo nilifikiria springi laini zaidi. Mtu mwingine kiwanjani akaniambia nifunge stabilaiza nene mbele na nyuma (ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia), maana gari linalala kwenye kona. Wa tatu akasema koilova, yaani shokapu na springi vikiwa seti moja ya kurekebisha urefu, basi. Bajeti yangu ni pauni 1,200. Nimeiweka kidogo kidogo tangu Oktoba, mke wangu anaijua na ameiridhia, kwa hiyo sitaki kununua kitu kimoja mara mbili.

Nawasilisha.

GC8_Nairobi

Sasa ndugu. Pole na hiyo ya kuingia majani, cha muhimu uko salama.

Mimi nina Subaru Impreza GC8, nakimbia autocross hapa Nairobi. Nilipitia shida kama hiyo yako. Nilipata koilova zilizotumika kutoka Japani pale Kirinyaga Road, mbele zilikuwa na springi za kilo 8 kwa milimita, yaani uzito wa kilo 8 ndio unaibana milimita moja. Kwa lami laini gari lilikuwa tamu sana. Likipata tu kijituta, linaruka, na lami yetu ina vijituta vingi. Nikatoa hizo springi nikaweka kilo 4, na siku hiyohiyo gari likatulia. Naweza kukanyaga mafuta mahali nilikuwa naachilia.

Gari lako ni jepesi kuliko langu. Kwa hivyo nakushauri kilo 4 mbele na 3 nyuma. Usiende juu ya hapo, utateseka.

Mzee_wa_Spana

Mleta mada, salaam. Nilisoma swali lako jana usiku, asubuhi nikaenda kulipima la kwangu kwanza nisije nikakwambia jambo kwa kubahatisha. Mimi niko Leicester. Nimekuwa na hizi Mazda tangu 2011, tatu kwa jumla, na zote nimezifungua hadi bolti ya mwisho.

Gari lako si gumu. Gari lako limegota.

Umefanya vizuri sana kutoa vipimo, maana 305 mbele imeshanieleza karibu kila kitu. Juu kwenye mti wa shokapu kuna raba ya kugotea. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma ukiangukia shimo. Sasa gari likishushwa kiasi hicho, safari ya shokapu inakuwa imeliwa kabla hujawasha injini. Limesimama tu pale nje ya nyumba yako, na kati ya shokapu na raba kumebaki kijinafasi. Unaingia Paddock, uzito wote unahamia tairi la mbele kushoto, kile kijinafasi kinakwisha, raba inaanza kubanwa. Unafika bondeni, barabara inakuinukia, na wewe huna springi tena. Una raba iliyokwisha kujikunja, ngumu mara nyingi kuliko springi yoyote utakayoinunua. Tairi likikosa pa kupandia, bodi nzima inarushwa juu na tairi linaachia lami. Hilo ndilo teke lako.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wanasikia ugumu, wananunua laini, na laini inagota mapema zaidi.

Usiniamini kwa maneno. Nunua zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, nyembamba kabisa. Nyanyua gari, liweke kwenye stendi (usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake), toa tairi, sukuma juu kile kifuniko cha vumbi. Utaona mti wa shokapu unaong'aa. Funga kamba hapo, ibane kiasi cha kuteleza kwa kidole lakini isianguke yenyewe, ishushe hadi ikae juu ya mwili wa shokapu. Kata mkia wake. Fanya hivyo pande zote nne, kisha kaendeshe. Kila shokapu inapobanwa, inaisukuma kamba juu, na kamba inabaki pale ilipofikishwa. Ukirudi, pima pengo kati ya kamba na raba. Hiyo ndiyo akiba uliyokuwa nayo mahali pabaya kuliko pote. Ukiikuta imekandamizwa kwenye raba, umegota. Kifaa hiki hakifiki pauni moja na kimenifundisha kuliko mafundi watatu.

Sasa ndugu yetu wa Nairobi. Amesema kweli kwa gari lake, na naheshimu mtu anayeshauri jambo alilolifanya kwa mkono wake. Lakini namba ya springi haihami kutoka gari moja kwenda jingine hivihivi. Nenda kwenye mlango wa chumba chako. Usukume kwa kidole pale kwenye kitasa, kisha usukume ukiwa karibu na bawaba. Mlango ni uleule, nguvu si ileile. Kwenye Impreza, springi imekaa kwenye shokapu iliyofungwa moja kwa moja na kitovu cha tairi, sawa na kusukuma kwenye kitasa. Kilo 4 zake zinafika kwenye tairi zikiwa karibu kilo 4. Kwenye Mazda yako springi imekalia mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha tairi na bodi, kama theluthi mbili ya njia kutoka bawaba kwenda kwenye tairi. Inapunjwa mara mbili. Nguvu yake inafika ikiwa theluthi mbili, halafu tairi likipanda milimita 30 yenyewe inabanwa 20 tu. Theluthi mbili ya theluthi mbili ni nne kwa tisa, hata nusu haijafika.

Kwa hiyo kilo 4 kwenye Mazda ni kama kilo 1.8 kwenye tairi. Springi ya kiwandani mbele ni kilo 3 na ushei, yaani kama 1.4 kwenye tairi. Ukifuata ushauri ule utakuwa umelipa hela nyingi kwa tofauti ndogo, na ukibaki na ule urefu wa 305 utagota vilevile. Ukitaka gari lako liwe na ile raha aliyoipata yeye, igeuze hesabu: 4 zake ni sawa na 9 zako, punguza kwa kuwa gari lako lina uzito wa tani moja na kidogo na lake limezidi hapo kwa mbali, unafika 7 na ushei. Na 7 mbele kwa 4 nyuma ni mahali ambapo wengi wenye Mazda hizi za kiwanjani huishia, wakiwa kwenye matairi ya barabarani. Kwa springi hiyo, pua inapumua, yaani inapanda na kushuka, kama mara 1.8 kwa sekunde. Ya kiwandani ni kama 1.2.

Hapo kuna sharti moja, nalo ni shokapu. Springi inabeba gari, shokapu inaituliza springi. Shokapu za miaka ishirini na zaidi haziwezi kuituliza hata springi ya kiwandani, sembuse kilo 7. Ukiingia kwenye koilova, tafuta zile ambazo urefu unarekebishwa kwa kuzungusha sehemu ya chini ya shokapu yenyewe, siyo kwa kulegeza tu kikombe cha springi. Za namna ya kwanza zinashusha gari bila kula safari. Za namna ya pili zitakurudisha palepale kwenye raba. Na nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha karatasi ya kipimo cha mashine kwa kila shokapu, na anayezifungua na kuzitengeneza zikichoka.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2014 nilinunua koilova za bei ya chini mtandaoni. Zilikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye alama 32. Kuanzia alama ya 1 hadi ya 18 hakuna kilichobadilika. Gari lilikuwa linakata kulia vizuri na linakataa kushoto, na msimu mzima nilidhani tatizo ni mikono yangu, nikalipia mwalimu, nikabadilisha matairi. Mwishowe zikapimwa kwenye mashine: ya mbele kulia ilikuwa ikizuia pungufu ya ile ya kushoto kwa karibu theluthi. Tangu siku ile sinunui shokapu isiyokuwa na karatasi yake.

Stabilaiza iache kwanza. Gari lililogota halilali kwa sababu ya stabilaiza nyembamba, na stabilaiza nene inafunga tairi la kushoto na la kulia pamoja zaidi, kwa hiyo shimo la upande mmoja unalisikia pande zote mbili.

Kabla ya hayo yote, lala chini ya gari na tochi. Tazama bushi za mikono, hasa za nyuma, kama raba zimepasuka. Kisha tafuta zile bolti ndefu zenye washa ya duara iliyokaa upande, zile za kurekebishia alaimenti. Ziko nane, mbili kwa kila mkono wa chini. Chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa baridi inaingia kati ya bolti na ganda la chuma la bushi, vinashikana kuwa kitu kimoja. Legeza nati, jaribu kuzungusha. Kama haizunguki, hakuna alaimenti itakayofanyika hapo, hata ukinunua shokapu ghali za Öhlins. Niambie ngapi zimezunguka.

Na waarifu watu wa bima kwa kila utakachobadilisha. Huku wanauliza.

BintMatrah86

Assalaam aleykum ndugu zangu. Naandika kutoka Muscat. Gari langu ni Toyota 86, na kiwanja changu ni Dubai Autodrome, masaa matano njiani na mpaka ndani yake, kwa hivyo kila nikenda nataka nirudi na jambo nililojifunza.

Kaka Mzee kasema yote ya chini. Mie nataka niulize ya juu yake: hayo matairi yana umri gani? Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya kiduara, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha mambo matatu kwenye gari nikidhani gari ndilo linaloteleza. Kumbe raba ya tairi imeshakuwa kama mbao.

La pili ni upepo. Huku kwetu naanza na psi 27 asubuhi, mizunguko minne narudi na 35, na gari lile silo tena lile nililotoka nalo. Sasa narudi, napunguza moto moto hadi nilipotaka, naandika kwenye daftari. Halafu nachoma kipima joto cha sindano kwenye raba ya tairi, pahala patatu: bega la ndani, kati, bega la nje. Nje ikiwa moto kuliko ndani kwa mbali, tairi linasimama wima mno kwenye kona, linataka kemba zaidi, yaani lilalie ndani kwa juu. Kati ikizidi, upepo umezidi. Nimesikia huko Uingereza, siku za kiwanja kufunguliwa kwa watu wote, hawaruhusu kupima muda wa mzunguko. Basi joto la tairi halikatazwi na mtu, na haliongopi.

Fanya haraka hiyo, tena usikubali sindano ipoe. Pima ndani ya dakika moja ya kusimama, mwenzio azime injini na ashike daftari.

Mzee_wa_Spana

Dada wa Matrah, ahsante. Hilo la matairi lilitakiwa kuwa la kwanza kwangu.

Chumbageni01

Wakuu, nimerudi. Shukrani zenu siwezi kuzimaliza.

Jumamosi nilifunga zile kamba. Sikwenda hata Brands Hatch. Nimeendesha kutoka nyumbani hadi Rochester na kurudi, barabara za kawaida, nikapita matuta mawili ya kupunguza mwendo. Mbele kamba zote mbili nimezikuta zimekandamizwa kwenye raba, ile ya kushoto imejikunja. Nyuma zimebakiza milimita 4. Hapo nilikuwa na mke wangu ndani na tunakwenda maili 30 kwa saa. Nimekaa pale sakafuni nikiitazama ile kamba muda mrefu.

Dada BintMatrah, matairi ya mbele yameandikwa 2213. Wiki ya 22, mwaka 2013. Nimeyaendesha kiwanjani mara tano.

Bolti: kati ya nane, zilizozunguka ni tatu. Mimi nimekulia Tanga, karibu na bahari, kutu naijua tangu utoto, ila hii ni nyingine. Nilipulizia dawa ya kutu jioni tatu mfululizo. Nikaweka bomba refu kwenye spana. Ile ya mbele kulia ikatoa mlio, nikafurahi, nikadhani imeachia. Kumbe bolti haijazunguka ndani ya bushi. Bushi nzima ndiyo iliyozunguka, raba imechanika kutoka kwenye mkono. Nikachungulia na tochi, naona ganda la chuma na bolti vimekuwa rangi moja ya udongo mwekundu, huwezi kuona mpaka uko wapi.

Kwa hiyo sasa nahitaji matairi, bolti, bushi na shokapu, na bajeti ni ileile 1,200. Koilova nzuri peke yake inaimaliza. Nifanyeje? Niache mchezo mwaka huu?

Mzee_wa_Spana

Usiache. Na nabadilisha ushauri wangu, maana sasa nina taarifa ambazo sikuwa nazo.

Sahau koilova msimu huu. Tafuta springi za kiwandani zilizotumika. Kila anayefunga koilova kwenye hizi Mazda anabaki na seti yake imelala gereji, na mara nyingi anashukuru ukienda kuichukua. Nunua shokapu mpya, Bilstein B6, zile za njano. Hizo zimetengenezwa kwa gari la urefu wa kiwandani. B8 ni za gari lililoshushwa, usizichanganye. Gari litasimama juu, litalala kwenye kona zaidi ya sasa, na jirani yako kiwanjani anaweza kukwambia linaonekana kama la duka. Litakuwa na safari, na Paddock utaipita.

Hela inayobaki igawe kwenye matairi manne, bolti nane mpya na bushi za mikono ya chini. Zilizoshikana usipigane nazo. Kata kwa msumeno wa umeme wenye meno ya kukatia chuma, pande zote mbili za bushi, mkono utoke na kipande cha bolti ndani. Vaa miwani. Bolti mpya zipake grisi ya kuzuia kushikana kwa urefu wake wote, siyo nchani tu.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanalikosea: ukifunga bushi za raba, usikaze bolti gari likiwa linaning'inia. Ile raba imegandishwa kwenye ganda la ndani na la nje, nayo inajinyonga mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza ikiwa inaning'inia, gari likishuka chini raba inakuwa imeshanyongwa tayari, itachanika ndani ya miezi. Ingiza bolti zote, zishike kwa mkono, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Kisha alaimenti, kwa mtu atakayekukalisha kwenye kiti wakati anapima, maana uzito wako umo. Omba kemba hasi yote itakayopatikana mbele. Kwa urefu wa kiwandani hutafika nyuzi 2.5, chukua utakachopewa ilimradi kushoto na kulia vilingane. Nyuma nyuzi kama 1.8. Tou ya mbele sifuri, matairi yaende sambamba. Ya nyuma yaangaliane kidogo kwa mbele ili mkia usikuponyoke ukiachia mafuta. Upepo kiwandani wanasema psi 26. Anza na 25 baridi, ukirudi moto ukute kama 29.

GC8_Nairobi

Mzee nimesoma hiyo ya mlango na bawaba nikaenda kupima ya kwangu. Ni kweli, shok imeingia kwa kitovu moja kwa moja. Nimejifunza. Mimi nitafunga hizo kamba wikendi, mbele na nyuma.

Chumbageni01

Ni wiki sita tangu niandike, na jana jioni nilikuwa Brands Hatch.

Springi za kiwandani nilizipata kwa jamaa mmoja Maidstone, alinipa akakataa hela, nikamwachia boksi la sambusa alizopika mke wangu. B6 mpya. Matairi manne mapya. Bolti tano nilizikata, ile ya nyuma kushoto peke yake ilinichukua saa mbili na bapa tatu za msumeno. Kukaza nimekaza gari likiwa chini, nikiwa nimelala juu ya boksi la kadibodi na mwanangu wa miaka tisa ananisomea namba za toki kwenye karatasi. Jumla nimetumia pauni 1,140.

Mbele sasa ni 352, nyuma 355. Kemba mbele imefika 1.6 pande zote mbili, nyuma 1.8.

Mzunguko wa kwanza niliingia Paddock polepole, naogopa. Wa pili nikaongeza. Wa tano nikaingia kama zamani. Gari linalala, kweli, unaona upeo wote unainama. Likafika bondeni, likazama, nikalisikia linazama hadi mwisho wa pumzi yake, likainuka lenyewe, na usukani haukubadilika uzito hata kidogo. Nikajikuta nimeshafika Druids na mguu bado uko kwenye mafuta. Nilipotoka kwenye gari mikono ilikuwa imetulia. Mara tano zilizopita ilikuwa inatetemeka.

Bega la nje la tairi la mbele kushoto lilikuwa moto kuliko la ndani kwa nyuzi 14, dada BintMatrah, kwa hiyo kemba bado haitoshi, kama mlivyosema.

Kamba nilizipima palepale kabla ya kurudi nyumbani. Mbele kulia imesimama milimita 21 chini ya raba. Mbele kushoto, 9.